Kikohozi cha Dakika ya Nne

Alhamisi tunashuka ngazi kumi na moja
chini ya duka la mshona kofia, mjini Katowice,
viatu vikidondosha theluji yenye masizi,
kila mmoja na santuri yake kwapani
kama aliyebeba mkate wa moto, hataki upoe.

Hatupigi chombo chochote sisi.
Ireneusz alichimba makaa ya mawe miaka thelathini,
Lesław anafundisha hesabu, Hanka anang'oa meno ya watu,
mimi natengeneza gramafoni, ndiyo maana nina ufunguo.
Kazi yetu ni masikio. Na ubishi.

Nani alishika besi upande wa pili?
Jalada linasema Wieczorek, vidole vinasema siye.
"Wieczorek huvuta uzi kama anadai deni," asema Hanka.
"Huyu anaomba radhi."
Mpiga dramu je, alichelewa kwa makusudi
au kwa vodka?
Na Gawlik, alikuwa bora studioni au ukumbini?
Studioni, anaapa Lesław, hata sauti yake ilivaa tai.
Ukumbini, anajibu Ireneusz, alikuwa na njaa,
na saksafoni haijui kulifichia tumbo siri.

Usiku mmoja tu hatuubishii:
ukumbi wa wafanyakazi wa reli, Februari,
mwaka wa sitini na nane.
Gawlik anapanda, anapanda, anafika kule juu kabisa
na kunyamaza.
Anashika pumzi. Watu mia tatu wanaishika naye.
Hapo, dakika ya nne, mtu anakohoa.
Kikohozi kikavu, kirefu, cha kifua chenye mgodi ndani.
Kisha Gawlik anateremka kwa noti mbili nzito.

Lesław alikichukia kikohozi hicho
kama jiwe kwenye wali.
Juzi akaja uso unang'aa: toleo jipya,
limesafishwa kwa mashine huko Warszawa,
halina mkwaruzo, halina vumbi.
Tukazima taa ya mezani.
Besi ikaja karibu, ungenyoosha mkono ungeigusa.
Ikaja dakika ya nne.
Kimya. Kimya cheupe kama shuka la hospitali.
Kisha noti mbili nzito.

Bibi Dobrosława, ambaye tulidhani huja kuota moto tu
na kufuma soksi yake isiyokwisha,
akaweka sindano chini.
"Mmemtoa Alojzy," akasema.

"Nilimfinya paja. Nikamwambia kwa macho: meza.
Akameza mara tatu, ya nne ikamshinda.
Nyumbani nikamnunia siku mbili,
naye anacheka: lakini amenijibu, hukusikia?
Nimemuuliza, amenijibu!
Alikufa kabla santuri haijatoka.
Niliinunua wakati sina hata gramafoni."

Ireneusz akajikuna kidevu.
"Bibi, kaka yangu naye alikuwapo, safu ya tano,
na kifua kilekile. Mji mzima ulikuwa unakohoa."
"Cha mume wangu nakijua. Nimelala nacho miaka tisa."
Chai ikapoa kwenye bilauri.
Hakuna aliyekata kauli.

Nikatoa santuri ya zamani, ile yenye makovu,
nikashusha sindano yangu.
Na kweli: noti zile mbili si za wimbo ule.
Ziko chini kidogo, zimeparuza,
chombo cha shaba kinakohoa nacho.
Miaka ishirini nimezisikiliza,
sijawahi kuzisikia.

Lesław alikuwa akigeuzageuza kasha la plastiki,
analifungua, analifunga.
"Lakini besi," akasema mwishowe, karibu kwa kunong'ona,
"besi inasikika vizuri zaidi kwenye hii."

Inasikika, kweli.
Si Wieczorek.