Damu ya Saa Nne Usiku

Tangazo lilibandikwa chini ya ratiba ya mitihani,
pini moja, kona imejikunja:
nafasi mbili za utafiti, likizo ya wiki nane,
mwaka wa tatu, posho ya nauli na chakula.
Wenzangu walisoma hadi kwenye kiasi cha posho,
wakacheka, wakaenda kunywa chai.
Dokta Singano aliniuliza swali moja tu:
"Unaweza kukesha?"
Nikadhani anazungumzia vitabu.

Kitabu kilikuwa na mstari mmoja:
vijidudu vya matende hujificha mapafuni mchana,
usiku hutoka kwenye damu ya ngozini kumngoja mbu.
Mstari huo mmoja nilikwenda kuutembea kwa miguu,
Mwarongo, mlango kwa mlango,
tochi kichwani, vijisindano kwenye kopo la siagi,
miiba ya mkonge ikinichana sketi.

Hodi ya saa nne usiku si hodi ya mchana.
Hujibiwa kwanza na mbwa, halafu na kimya,
halafu na mtu anayepapasa kanga yake gizani.

Nassoro Mhando, fundi baiskeli,
alinipokea ameketi, hakusimama.
Kikoi amekikunja mara tatu mapajani,
na mimi, binti wa miaka ishirini na mbili,
nina swali namba kumi na nne la kumuuliza.
Niliitazama karatasi. Naye aliitazama karatasi.
"Ndiyo," alisema kabla sijauliza. "Mwaka wa tisa huu."

Nikamsomea fomu ya ridhaa, kurasa nne,
hadi pale: mshiriki hatapata faida ya moja kwa moja.
"Rudia hapo."
Nikarudia.
"Basi faida ni yako."
Sikuwa na jibu; halikuwamo kwenye mafunzo.
Akanyoosha kidole chenye grisi
ambayo spiriti haikuitoa.

Wiki ya tatu, maabara, jicho kwenye hadubini,
nikakuta mtoto wa miaka sita ana namba ya bibi yake,
na bibi ana namba ya jirani.
Slaidi ishirini na sita, nyumba sita,
usiku mmoja niliosinzia,
zote zimevalishana nguo.
Nilikaa nazo hadi adhuhuri. Hakuna aliyeona.
Kioo ni kioo, na damu ikikauka haina jina.
Ningenyamaza, na jumla ingekaa palepale.
Nikaenda kwa Dokta Singano, daftari kifuani.
Hakugomba. Alichukua rula, akapiga mstari mwekundu,
akaandika tarehe, akanipa kalamu nitie sahihi.
"Rudi ukawaombe tena."

Kuomba damu mara ya pili
ni kukopa kabla hujalipa.
Wawili walinifungia mlango, na ni haki yao.
Nassoro alinitazama, akaitazama tochi, akanitazama.
"Chukua hiki kingine.
Cha siku ile bado kina kinyongo."

Jibu lake nililipeleka mwenyewe, mchana, kwenye karakana:
damu safi, hakuna hata mmoja.
Akaizungusha gurudumu aliyokuwa akiinyoosha,
kisha akakionyesha kikoi kwa kidevu.
"Hayupo. Na hili?"
"Amehama," nikasema, "hilo ni deni la pango."
Sijui kama hiyo ni sayansi. Alicheka.
Nikamwandika kwenye orodha ya upasuaji wa Bombo,
jina lake, la baba, la babu,
mkono ukisitasita baada ya wiki sita za namba tupu.

Ripoti ilitoka. Mimi ni jina la saba,
kabla tu ya nukta.

Na kwenye mtihani lilikuja swali la matende, alama tano.
Nilijaza kurasa mbili, nikaomba karatasi ya ziada.
Nikapata tatu, na wino mwekundu pembeni:
umetoka nje ya swali.

Ni kweli. Nilikuwa nje,
saa nne usiku, viatu mkononi,
nabisha hodi.