Mkimbiaji Asiye na Pua

Alikuja Jumanne, soko la Majengo linafunga,
Mama Nyemo wa Hombolo.
Akafungua pindo la kanga, fundo la kwanza, la pili,
la tatu kwa meno.

Niliiweka kwenye mizani ya sonara:
gramu ishirini na nane na ushee.
Fedha hasa, ya ukumbusho wa michezo,
huku ngao, huku mkimbiaji
aliyenyanyua goti na hajalishusha hadi leo.

Nikabana lenzi jichoni. Moyo ukanipaa,
kisha ukakaa chini.
Mikwaruzo, mduara ndani ya mduara.
Pua imekwisha. Namba ya kifuani imebaki kivuli.

"Mama, umeifanya nini?"
"Nimeitunza."

Kila mkesha wa Krismasi, masufuria yakishatakata,
jivu, mchanga laini wa korongoni, nusu ndimu,
tangu mwaka ule Mwalimu Chilongani
alipopewa na mgeni, kwa kushika saa ya mbio
siku nzima juani bila kukosea.
"Marehemu hakupenda kijana wa watu akae na vumbi.
Hata leo, kabla ya kupanda gari, nimempitishia."

Kazi yangu ni bei. Nikatafuta pa kuanzia.
"Ule unga mweupe juu ya zabibu," nikasema,
"ukifutika?"
"Mnunuzi anajua imeshikwashikwa. Anashusha."
Akanyamaza. Akaitazama sarafu.
Mkulima wa zabibu humwelezi mara mbili.

"Isiyoguswa, laki tatu. Hii nalipa uzito tu:
elfu sabini."
Akacheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa peke yake njiani.
"Kwa hiyo ningemsahau kabatini
leo ningepata mbolea na nguzo za shamba zima?"
"Ndiyo, mama."
"Miaka ishirini na sita, nisimguse?"

Sikuwa na jibu. Nyumbani, Chang'ombe,
nina sarafu sitini na moja ndani ya plastiki:
wapiga mbizi, mabondia, golikipa mmoja hewani,
nazishika ukingoni, kwa glavu, pumzi nimeibana.
Hakuna anayejua jina la yeyote kati yao.

Akafunga fundo la kwanza, la pili,
la tatu kwa meno,
akaulizia gari la mwisho la Hombolo.

Kisahani cha mizani
kilinuka ndimu hadi Ijumaa.