Rai Nne

Saa saba usiku, baa ya hoteli, mtaa wa Ruwi.
Mteja wa mwisho keshapanda lifti na viatu mkononi.
Bwana Kurien amepanga chupa nne kwenye kaunta
kama watoto wanaosubiri chanjo.
Kampuni inataka moja tu ibaki kwenye orodha.

"Wewe hunywi," ananiambia, "lakini nimekuona
unavyonusa glasi kabla ya kuzisuuza."
Kweli. Mwaka wa tatu huu nasuuza na kunusa.
Ulimi wangu haujui kitu,
pua ndiyo iliyokubuhu.
Wa kuonja ni Tilak wa jikoni, na kashaketi.

Nafaka yenyewe wanaiita rai.
Nilicheka siku niliyoisikia.
Kwetu Kisauni rai haipandwi wala haipepetwi,
rai hutolewa,
na anayeitoa ni mtu aliyeulizwa.
Kule Barka, nyumba ya ukuta mrefu na mitende saba,
miaka miwili niliulizwa wali umeiva,
mtoto kalala, nani kavunja birika.
Rai, hapana.

Ya kwanza ni ya Marekani.
Inaingia bila hodi, viatu miguuni,
pilipili manga, mdalasini, keki ya arusi,
na nyuma yake ubao uliochomwa makusudi.
Tilak anakohoa, anaongeza.

Ya pili, Kanada, lazima niiinamie.
Sukari guru, ganda la tufaha, basi.
Ni yule mgeni anayesema ameshiba
kabla hajakaribishwa.
Tilak anaisifu: haigombani na koo.

Ya tatu imetoka Ufini.
Mkate mweusi ulioungua ukingo,
asali kidogo, halafu majani mabichi baada ya mvua.
Majani! Hapa Ruwi,
ambako mvua ikidondoka watu hukimbilia barazani
kuipiga picha.
Nikainusa mara mbili, ya pili kwa uroho.

Ya nne Kurien hakunisomea ilikotoka.
Nikaisogeza puani
na kaunta ikaondoka.

Unga wa wimbi uliochacha.
Ukuta wa mabati, na upande wa pili wa ukuta
Mama Nekesa anakoroga pipa
huku redio ikipiga kelele ili mapovu yasisikike.
Polisi walipokuja kutuuliza
sisi wa chuoni, juzuu mkononi,
tulisema hatujanusa kitu.
Baba alimwita najisi mchana kutwa.
Ila pesa ya pasipoti yangu
ilipita juu ya ukuta ule,
noti zilizokunjwa vidogovidogo, zinanuka moshi.
Baba hakuzigusa. Mama alizipokea kwa ncha ya leso.
Alipofungwa miezi sita nilikuwa nimeshafika huku,
nikafuta picha aliyonitumia binti yake
kwa sababu madamu alikuwa anaangalia.

Hapa leseni iko ukutani ndani ya fremu,
na glasi moja ni riali tisa,
siku zangu mbili na ushee.

"Ha, Mwanakombo?" Kurien ameshika kalamu.
Anaongea Kiarabu chake cha sokoni,
na neno linanifikia lilelile, halikuhitaji mkalimani:
rai yako?

Nilikaa na hilo swali kidogo.
Lilikuwa na joto, kama sahani iliyotoka kuoshwa.

"Ya kwanza itauzika," nikasema.
"Ya nne usiiache."
"Kwa nini?"
"Inanukia deni."
Alidhani nimekosea neno.
Akaandika ya kwanza.

Nikazikusanya glasi.
Tatu nilizisuuza kwa maji ya moto, kama ilivyo kawaida.
Ile nyingine niliifunika na kisahani
nikaiacha nyuma ya birika
mpaka adhana ya alfajiri.