Mzinga wa Saba

Theluji ya Machi bado imelala juu ya mapaa ya mizinga,
na shangazi Cvetka amekuja na kijisanduku cha kiberiti:
nyuki ishirini waliokauka, ameokota mlangoni pa mzinga wa saba,
ule wenye ubao uliochorwa dubu anayemzika mwindaji.
"Leo utatazama wewe," ananiambia. "Mimi macho yameniaga."

Hadubini ya marehemu mumewe ni nzito kama chungu cha maharagwe.
Naishika mkono wake, kitako nakikinga kwa kiganja,
naiweka dirishani. Haina taa. Ina kioo tu,
kidogo, cha kuombea nuru.
Nakigeuza huku na huku
mpaka duara jeupe lijae kwenye lenzi ya jicho.

Matumbo nayatwanga kwa kijiko cha maji.
Tone moja kwenye slaidi; kifuniko nakilaza kwa ubavu,
polepole, kama mtu alazaye mtoto,
hewa isinaswe chini.
Jukwaani, vibanio viwili vinaibana.

"Anza na lenzi fupi. Na ukiishusha usichungulie juu,
inama, itazame kwa pembeni!"
Ananionyesha mkwaruzo ukingoni mwa ile ndefu:
mwaka wa harusi yake, alikuwa na haraka,
slaidi ikalia kah.
Jernej hakusema neno. Alitoka akapasua kuni hadi giza.

Skrubu kubwa: ukungu, ukungu, halafu kitu.
Nakisukuma kushoto, chenyewe kinakimbilia kulia.
Nacheka. Shangazi hacheki.
Viduara vyenye kingo nyeusi tititi. "Shangazi, ndio hawa!"
Anainama, nywele zake zinanigusa shavu.
"Hiyo hewa. Umelaza kifuniko vibaya.
Ugonjwa haujipambi hivyo."

Nazungusha, lenzi ya mara arobaini inaingia, tak.
Sasa skrubu ndogo peke yake,
robo ya robo ya mzunguko, pumzi nimeibana.
Chavua ya kiangazi kilichopita, ya manjano, ina miiba.
Na katikati yake punje,
mchele, mchele uliomwagika,
zinang'aa, zote kimo kimoja.

Sisemi.
Anajua kwa jinsi vidole vyangu vilivyoiachia skrubu.

"Hesabu," anasema, akitafuta penseli mfukoni mwa aproni.
Nahesabu.
Nje jua limefika kwenye mizinga yote kumi na mmoja,
na wa saba ndio wa kwanza kuvuma.