Mkaguzi wa Njia

Baba alitembea kilomita kumi na mbili kila alfajiri,
kutoka Usoke kuelekea Urambo,
nyundo begani, macho chini.
Aligonga reli, akasikiliza.
Chuma kizima huimba, alisema,
chenye ufa hukohoa.

Wengine husema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Baba alikuwa na yake:
"Usipouona ufa utahesabu maiti,"
kisha akapuliza chai.

Nilipozaliwa mweupe kama unga wa muhogo
majirani walileta maneno ya kila rangi.
Yeye alinikagua kidole kwa kidole,
kama kipande kipya cha njia alichokabidhiwa,
akamwambia mama: "Hiki changu.
Nitakitembea mwenyewe."

Basi Jumamosi jioni, nikishaoga,
nilikaa kwenye kigoda nikampa mgongo.
Alianzia kisogoni, akaja nyuma ya masikio
(hapo ndipo nati hulegea bila mtu kujua),
mabega, mikono hadi kwenye kucha,
midomo, kope.
Aliandika katika daftari la zamani la kazini,
lenye safu tatu: Mahali, Kasoro, Hatua.
*Bega la kushoto. Doa la kahawia, punje ya ulezi. Liangaliwe tena.*
*Shingo. Imebabuka. Kofia ilisahaulika Jumatano.*
Na kweli Jumatano nilikuwa nimeisahau.

Kofia alizishona kwa turubai la behewa,
ukingo mpana hata wavulana wakaniita Uyoga.
Nilimshtakia nikilia.
Akaongeza ukingo inchi moja.

Shangazi Nyamizi alikuwa kama mimi.
Hakuwa na daftari.
Alipalilia tumbaku ya watu kwenye jua la saa saba,
kidonda kikaota sikioni,
kikafungwa majani, kikafunikwa kanga,
kikaitwa jipu, kikaitwa jicho la mtu,
kikapewa kila jina isipokuwa lake.
Alipofikishwa Kitete, daktari aliuliza kilianza lini.
Hakuna aliyejua.
Hilo ndilo baba hakulisamehe.
Si kidonda. Hilo.

Mwaka nilipotimiza ishirini na tisa
ukungu uliingia machoni mwa baba.
Bado aliniita Jumamosi.
Nilikaa kwa heshima tu,
nikiwaza madaftari ya darasa la nne yaliyonisubiri.
Kidole gumba kilipita juu ya paji la uso, penye mpaka wa nywele,
kikasimama.
Kikarudi.
"Hapa pana msasa."

Nilichukua kioo, sikuona kitu.
Mwanangu Mlela akamulika kwa tochi ya simu,
naye hakuona.
"Sikusema panaonekana," baba alisema.
"Nimesema panakohoa."

Tukapanda treni ya Tabora.
Daktari wa ngozi aliweka lenzi, akanyamaza,
akanyamaza zaidi,
akakata kipande kidogo kuliko punje ya mchele.
Wiki tatu nilifundisha kujumlisha na kutoa
bila kukumbuka jibu hata moja.
Kisha akanipigia:
"Ni saratani. Lakini ingali mlangoni,
haijavua hata viatu. Njoo tuitoe."
Akaitoa. Alipokuwa akifunga bandeji aliuliza
nani aliiona mapema hivi.
Nikasema hakuna aliyeiona.

Siku hizi anayeandika ni Mlela,
kwa mwandiko unaopanda mlima,
baba anatamka.
*Paji la uso. Kovu, sentimita mbili. Laini.*
*Masikio. Salama.*
*Losheni ya jua. Imebaki robo, iagizwe kabla ya kiangazi.*
Asubuhi najipaka mpaka nyuma ya shingo,
navaa mikono mirefu, natoka na uyoga wangu kichwani.

Na Jumamosi, kabla hajaniruhusu kusimama,
mzee hukunja kidole
akanigonga begani mara mbili
na kutega sikio.