Zamu ya Mchana

Mke wangu hurudi saa moja asubuhi,
viatu vyeupe mkononi, macho mekundu,
ananukia spiriti na usiku wa watu wengine.
Hunywa uji nusu kikombe. "Baba Manka,
nakuachia nyumba," husema,
na mlango wa chumbani hujifunga
kabla sijauliza sukari imebaki kiasi gani.

Basi zamu yangu inaanza.
Chumba kimoja na sebule, watoto wawili,
Pasua, mwezi wa nne, mvua haina adabu,
njia imekuwa uji, hakuna wa kucheza nje.
Na sketi kumi na nane za sare
zinaningoja kwenye cherehani,
kila moja na malinda yake.

Wiki ya kwanza nilisema shhh.
Shhh asubuhi, shhh mchana,
hadi shhh yangu ikawa kubwa kuliko kelele.
Oforo, miaka mitatu, akaiokota
akaitia mdundo:
shhh-shhh, pa! Shhh-shhh, pa!
akipiga goti lake.
Nikaondoa mguu kwenye pedali, nikasikiliza.
Mtoto alikuwa ameelewa kazi kuliko mimi.

Tangu hapo hatunyamazi. Tunapiga chini chini.

Sufuria la ugali tumelivika kanga kuukuu;
ukiligonga kwa mwiko
linatoa sauti ya ng'ombe anayeota.
Chupa tatu: hii ina maharage, hii mchele,
hii vifungo vya mashati ya watu nisiowajua,
mtumba wa Memorial.
Manka hufumba macho, mdogo wake hutikisa.
"Maharage!" "Mchele!"
Vikifika vifungo husema, "Mvua."
Simsahihishi.

Lastiki za viunoni nimezivuta juu ya boksi la viatu,
nene, nyembamba, nyembamba zaidi.
Na glasi nne mezani, kila moja na kimo chake cha maji,
na kijiko cha chai.
"Baba, mbona iliyojaa inaimba chini
na yenye maji kidogo inaimba juu?"
Mimi ni fundi wa nguo. Najua urefu wa mguu wa mtu,
wa sauti sikufundishwa.
Nikamwambia: aliyeshiba hana haja ya kupaza sauti.
Akalitafakari hilo, akainywa ile iliyojaa.

Mama Haika wa mlango wa pili ananicheka.
"Wape simu, watulie."
Simu nimewahi kuwapa.
Inaimba yenyewe mwanzo hadi mwisho,
haiulizi nani mwingine ana sauti.

Sitadanganya kwamba kila siku ni njema.
Jumanne Oforo alidondosha kifuniko kwenye sementi
kikazunguka, kikazunguka, hakitaki kufa.
Mlango ukafunguka. Mke wangu akasimama pale,
akakitazama mpaka kikatulia,
akarudi ndani bila neno.
Siku hiyo sikushona tena.

Lakini leo.
Leo mvua juu ya bati, cherehani chini yake,
malinda ya kumi na nne, ya kumi na tano,
Manka kwenye lastiki, Oforo na maharage yake,
na sisi wote, sijui nani alianza,
tumeingia njia moja kama sisimizi.

Uzi ukakatika.
Mvua nayo, kana kwamba imeitwa kwao, ikakata.
Manka ameinamia glasi, anaangalia mawimbi madogo.
Oforo ana kidole puani.

Kimya.

Kitanda kikalia kule ndani.
"Baba Manka! Mbona kimya?
Mmevunja nini?"

"Hakuna kitu. Lala."
Nikalamba ncha ya uzi, nikalikosa tundu la sindano,
nikalikosa tena, mkono unacheka.
Na nyuma yangu, juu ya goti dogo, taratibu,
shhh-shhh, pa.