Pigo Lililochelewa

Milioni moja, laki saba na ushei:
ndivyo moyo wa mashine ile ulivyopiga kwa sekunde,
na Lali Famau, chumbani kwake Langoni,
anasaka pigo moja lisiloingia hesabuni.

Programu yake imepatia rangi ya matofali,
mlio wa sarafu,
hata maadui wakizidi skrini inavyojikokota
kama punda wa mchanga kichochoroni.
"Iondoe hiyo kasoro," wenziwe walimwambia.
"Kasoro ndiyo mashine," akajibu.

Lakini kwenye shimo la hatua ya nne
anaanguka. Kila mara.
Kidole kinakumbuka kitu ambacho hesabu haikijui.

Saa nane za usiku akaitoa yenyewe sandukuni,
akaifungua kwa bisibisi.
Shaba imeota kijani, chumvi ya miaka thelathini.
Akakibonyeza kitufe cha kuruka:
kikanata, kisha kikaachia.
Sharubati ya ukwaju!
Marehemu Shee aliimwaga Idi ile,
akapangusa kwa kanzu mpya, akaapa si yeye.

Kiwandani haikutoka hivyo.

Lali akaongeza mstari mmoja wa kuchelewesha,
akauita shee.
Akaruka.
Akatua ng'ambo.